Mwongozo wa Wachangiaji na Hatua Yake ya Tisa

Jumatatu, 10 Juni

Nimesema uongo kwa wino.

Uongo wa mdomo mtu hukohoa, ukapita. Wa penseli hufutika. Wa wino, kwenye fomu ya kuthibitishwa kazini, nakala tatu, haufutiki wala haukohoeki.

Ilikuwa hivi. Miezi yangu sita ya majaribio hapa masjala imekwisha. Sijapoteza jalada hata moja. (Lile moja lilionekana.) Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kurudisha fomu. Sehemu ya saba inauliza: Je, mwombaji ana dhamana yoyote nje ya ofisi? Nikaitazama ile nafasi tupu. Nayo ikanitazama. Mwishowe mmoja wetu alilazimika kushindwa. Nikaandika: Mtunza Mwongozo, Mradi wa Kimataifa wa Programu Huria.

Mradi upo. Huo si uongo. Unaitwa Furushi. Sisi ni watu wa kujitolea, wala hatujawahi kuonana. Tunachukua programu za kompyuta zilizoandikwa na wengine, tunazifungasha pamoja na kila kitu zinachohitaji, ili mtu abonyeze mara moja tu, programu ikae kwenye mashine yake bila yeye kulia. Kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuifungua tumbo, kuirekebisha. Ndiyo maana ya huria. Na ni wa kimataifa kwa sababu kuna mwenzetu mmoja ambaye kila jioni hututakia asubuhi njema.

Mwongozo nao upo. Ni ukurasa unaomweleza mgeni afanye nini akitaka kuchangia. Uliandikwa miaka sita iliyopita na Fundi Mkuu, mwanzilishi wetu, siku aliyokuwa na homa. Unaanza kwa maneno "Kama ujuavyo".

Mtunza mwongozo ndiye hayupo. Fundi Mkuu alitangaza wiki iliyopita kwamba anamtafuta. Tuliojitokeza ni wawili: mimi, na mtu anayejiita Nukta. Nukta kazi yake kwenye jukwaa letu la mtandaoni ni kusahihisha alama za uandishi za wenzake. Hana kosa. Ndiyo sababu simpendi.

Nilidhani fomu itagongwa muhuri bila kusomwa. Mkuu wetu wa masjala hugonga muhuri kila kitu. Safari moja aligonga kasha la miwani yake. Sisi makarani humwita Bi Muhuri. (Hajui. Mungu apishe mbali.) Leo, leo hii, akasoma. Akasoma yote. Akaniambia vizuri sana, kijana, Ijumaa saa nne niende ofisini kwake nimwonyeshe huo ukurasa wenye jina langu. Akiuona, atagonga.

Nikauliza, kwa sauti ya panya, na asipouona?

Akafunika kidau cha wino.

Mpango: niwe mtunza mwongozo kweli kabla ya Ijumaa. Nikifaulu, sikusema uongo. Nilisema ukweli uliotangulia.


Jumanne, 11 Juni

Mwongozo mpya umekamilika! Kurasa arobaini na moja!

Niliuanza jana baada ya kazi, nikaumaliza leo wakati wa mapumziko ya mchana, sikula. Unaanza: "Kwa heshima na taadhima, ewe mchangiaji." Sura ya pili ni shukrani. Sura ya sita inaeleza afanyeje mchangiaji akiingiwa na woga. Sura ya kumi na nne ni namna ya kuomba radhi kabla ya kukosea. Kuna faharasa. Kuna viambatisho vitatu. Kuna fomu ya kuomba fomu. Sijapata kuandika kitu chenye usalama kama hiki.

Nikautuma saa saba kasorobo. Nikakaa kwenye dawati nikiona jina langu ukutani kwenye fremu.

Saa saba na dakika tano Fundi Mkuu akajibu. Nanukuu jibu lote: "Mtu anataka kurekebisha herufi moja. Wewe umempa katiba."

Nukta naye akaleta masahihisho mia na kumi na mawili. Nikayapitia moja moja kwa matumaini. Yote ni sahihi. La ukurasa wa thelathini lilisema mkato ule umepotea njia na asaidiwe mtu kuurudisha kwao. Wachangiaji wanane wakabandika vichwa vinavyocheka.

Kisha Nukta akatuma mwongozo wake. Nikausoma mara mbili kutafuta tofauti na ule wa zamani. Tofauti ni moja. Pale paliposema "Kama ujuavyo", ameweka mkato.

Fundi Mkuu ametupa sote hadi kesho saa moja jioni. Amesema anataka mwongozo ambao mtu asiyejua kitu anaweza kuufuata. Nimewaza kwa saa mbili nzima nitampata wapi mtu asiyejua kitu na ambaye hatanicheka.

Yupo. Niko nyumbani kwake.


Jumatano, 12 Juni

Kosa langu la kwanza: kudhani Shangazi hatanicheka.

Shangazi ni fundi cherehani. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, na ndiye mwenye sebule, cherehani na neno la mwisho. Nilipotoka kazini nikamkuta anafumua mkono wa koti. Nikamwomba aache kidogo, akae mbele ya laptopu yangu, aufuate ule mwongozo wa zamani wa Furushi kana kwamba anataka kuchangia. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, kidole kikitembea chini ya maneno kama anayetafuta uzi uliokatika.

Mstari wa pili unasema vuta tawi jipya kutoka shinani. Akauliza avute kwa mkono gani. Nikaeleza kwamba tawi ni nakala ya kazi, unafanyia marekebisho pembeni bila kuharibu kazi ya wenzako. Akasema hiyo sasa inaeleweka, hata yeye hakati kitambaa cha mteja kabla ya kujaribu kwenye gazeti. Kwa nini basi haikuandikwa hivyo?

Mstari wa nne unasema jenga kifurushi kwa kutumia chombo cha kufungashia.

"Hicho chombo kiko wapi?" akauliza.

Nikamwambia kinapatikana ndani ya kifurushi.

"Kifurushi kipi?"

Hiki anachojenga.

Akavua miwani. "Yaani ufunguo wa sanduku mmeufungia ndani ya sanduku, halafu mnamwambia mgeni karibu, fungua."

Nikaenda kuangalia. Ni kweli! Miaka sita! Watu zaidi ya mia mbili wamepita hapo, na waliokwama waliondoka kimya, na waliobaki ni wale ambao chombo walikuwa nacho tayari. Sisi tulidhani watu hawana moyo wa kujitolea.

Shangazi akarudi kwenye koti lake. Akaniambia bila kuinua macho: "Mwanangu, anayejua hasomi maelekezo. Anayesoma hajui. Sasa hiyo 'kama ujuavyo' mnamwambia nani?"

Nikafuta yote. Nikaanza upya naye ubavuni. Kila nilipoandika sentensi akasema "kisha?", na kila aliposema "kisha?" nikagundua kuna kitu nimeruka. Tukapata hatua tisa. Ya kwanza ni pa kukipata chombo. Ya tano ni kunywa maji. Hiyo ni yake. Anasema mtu akifika katikati ya kazi ngumu bila kunywa maji hushona mkono wa kulia kushoto. Nilimweleza kwamba maji si sehemu ya programu. Akasema basi na yeye si sehemu ya huo mwongozo. Hatua ya tano imebaki.

Hatua ya tisa niliandika: "Ukimaliza kazi yako, ifungashe." Nikautuma saa kumi na mbili.

Nukta huyo! Akasema hana tatizo na alama (ushindi!), ila neno "fungasha" linamtia wasiwasi. Mgeni akisoma "fungasha" atamalizia mwenyewe kwa "virago". Atadhani tunamfukuza.

Sikutaka kumfukuza mtu. Zaidi, sikutaka Nukta apinge zikiwa zimebaki dakika arobaini. Nikasema ana haki. Nikakata mkia wa neno. Hatua ya tisa sasa inasema: "Ukimaliza kazi yako, ifunge." Nukta akaniita muungwana.

Saa moja kamili Fundi Mkuu akakubali! Akauweka ukurasa wa mbele! Akawatumia barua wachangiaji wote wenye maombi kwenye foleni, akiwaambia mwongozo mpya huo, waufuate neno kwa neno. Jina la mtunza mwongozo atalitangaza kesho.

Shangazi amenipikia chakula ninachokipenda. Nimekula sahani mbili. Nalala nikiwa tayari nimethibitishwa.


Alhamisi, 13 Juni

Nimejificha kwenye rafu za masjala, kati ya jalada la Mirathi na jalada la Mitaro, na ninaandikia hapa.

Lazima nieleze kwa utulivu. Mtu anapotaka kuchangia Furushi, kazi yake huingia kwenye foleni kama ombi. Asubuhi kabla ya kutoka nyumbani nikachungulia foleni. Jana ilikuwa na maombi sitini na matatu. Leo, sifuri. Nikafurahi. Nikadhani Fundi Mkuu amefanya kazi usiku kucha kwa hamasa ya mwongozo wangu. Yeye, nimekuja kujua, aliamka akadhani nimefanya mimi.

Kisha tukasoma ujumbe wa Daktari wa Meno. Ni daktari kweli, na kwa miezi minane amekuwa akifungasha programu ya kuwasomea watu wasioona vizuri, kazi nzuri kuliko zote tulizonazo. Ameandika: "Nimefunga ombi langu kama mlivyoelekeza. Asanteni kwa miezi minane. Nawatakia kila la heri."

Chini ya kila ombi kuna kitufe chekundu. Ukikibonyeza, ombi linaondolewa kwenye foleni. Kimeandikwa FUNGA.

Sitini na watatu! Wote watiifu! Neno kwa neno! Nilikuwa nimesema funga kama afungavyo mtu mzigo, wao wakafunga kama afungavyo mtu duka. Kisarufi mimi sina hatia: kazi ni "ifunge", ombi lingekuwa "lifunge". Lakini nani hukagua ngeli akiwa anatafuta kitufe?

Saa nne Fundi Mkuu akauliza jukwaani: "Aliyeandika hatua ya tisa yuko wapi?"

Nukta, ambaye ushauri ulikuwa wake, ametulia kama maji mtungini. Mimi ndipo nilipoingia kwenye rafu. Kesho saa nne Bi Muhuri atataka kuona jina langu, na jina langu sasa ndilo linalotafutwa.

Baadaye, saa nane.

Nilipata mpango. Ulikuwa mzuri. Nasisitiza kwamba ulikuwa mzuri.

Nilifikiri hivi: kosa hili likigunduliwa na mkubwa, ni kashfa. Likiulizwa na mgeni mnyonge, ni swali tu. Na mimi nikitokea hapo hapo kulijibu kwa upole na kulirekebisha, ni sifa. Kwa hiyo saa sita na nusu, nikiwa bado Mitaro, nikafungua akaunti mpya kwa simu. Jina: Mgeni Kabisa. Nikaandika: "Samahanini wakubwa. Mimi ni mgeni kabisa. Katika hatua ya tisa, 'ifunge' ni kufunga kifurushi au ni kubonyeza kile kitufe cha Funga? Nimeogopa kubonyeza, nikaona bora niulize."

Kilichobaki ni mimi kuingia kwa jina langu. Neno langu la siri lina herufi kumi na saba, kwa usalama. Nikakosea mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akaunti ikajifungia dakika kumi na tano.

Ndani ya dakika hizo kumi na tano Fundi Mkuu akajibu. Akasema miaka sita amengoja mtu wa kuuliza swali kama hili. Akasema watu sitini na watatu walibonyeza kitufe, na mmoja tu alisimama akafikiri. Akamuuliza Mgeni Kabisa, kwa heshima, yeye angeiandikaje hatua hiyo?

Nifanyeje? Kumnyamazia mtu aliyekuuliza kwa heshima si adabu. Nikajibu: "Ukimaliza kazi yako, iweke ndani ya kifurushi, kisha ngoja. Usibonyeze kitufe chochote."

Fundi Mkuu akairudisha foleni yote, ombi moja moja, kwa mkono wake. Daktari wa Meno akarudi na kusema hajapata kuona maelekezo yaliyo wazi hivyo. Nukta akaibuka. Akasema anajitoa katika kugombea na anamuunga mkono Mgeni Kabisa, ambaye mkato wake umekaa mahali pake.

Akaunti yangu ikafunguka saa sita na dakika hamsini. Kitu cha kwanza nilichokiona ni tangazo. Mtunza Mwongozo wa Furushi: Mgeni Kabisa.

Nikampongeza. Kila mtu alikuwa anampongeza, ningeonekana nina kinyongo.

Akanishukuru.


Ijumaa, 14 Juni

Saa nne kasoro dakika tatu nilikuwa mlangoni kwa Bi Muhuri na laptopu kifuani kama mtoto mgonjwa.

Nilikuwa nimejiandalia njia mbili. Ya kwanza, mtandao uwe umekatika. Haukukatika. Ya pili, niseme kweli: Mgeni Kabisa ni mimi. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo tangu saa kumi na moja alfajiri. Kwenye kioo ilitoka vizuri.

Akaniambia niketi. Akaugeuza ukurasa upande wake, akavaa miwani, akaanza kusoma. Si jina tu. Alianza hatua ya kwanza. Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Alipofika hatua ya tano akavuta gilasi yake, akanywa maji, akaendelea. Nadhani hakujua amefanya hivyo.

Kisha akafika chini.

"Mgeni Kabisa ndiye nani?"

Hapo ndipo mahali pa njia ya pili. Nikaona mbele yangu yote nitakayopaswa kueleza: kwa nini mtu mmoja ana majina mawili, kwa nini alijiuliza swali, kwa nini alijijibu, kwa nini alijipongeza. Nikaona kwamba mtu akisema uongo mmoja kwa wino ni karani, lakini akisema wa pili kwa jina la bandia ni jalada.

Nikasema: "Ni mwenzangu, mama."

Akauliza na mimi niko wapi hapo. Nikamwonyesha. Jina langu lipo kwenye orodha ya wanaoshukuriwa, la mwisho, limekosewa herufi moja.

Akavuta fomu yangu. Akachukua rula. Akaikata sehemu ya saba kwa mstari mmoja ulionyooka kuliko maisha yangu. Akasema angeweza kuniachisha kazi leo, na kanuni zinamruhusu. Ila majalada yangu yako sawa, na mtu anayeogopa hivi hawezi kuiba. Nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio. Jumatatu asubuhi nilete fomu mpya. "Na safari hii, kijana, ukweli mtupu. Nikikuta hata chembe ya uongo, usihangaike kuketi."

Nikasema asante mama, asante mama, nikirudi nyuma nyuma hadi nikagonga kabati.

"Huyo Mgeni," akasema nikiwa mlangoni. "Anaandika vizuri. Kila siku watu wanapanga foleni pale dirishani hawajui waanze na fomu gani. Tungempata mtu kama huyo hapa! Unamfahamu?"

Nikasema kiasi.

Alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayehesabu viti vya ofisi. Kiti anachotaka kumpa ni changu.


Jumamosi, 15 Juni

Usiku umenifungua akili. Adui yangu si Nukta tena. Ni Mgeni Kabisa.

Lazima aondoke. Lakini mtu anayependwa haondoki hivi hivi. Lazima pawe na sababu. Mpango: nigombane naye hadharani kwa hoja nzito. Yeye ashindwe, ajiuzulu kwa aibu, nami nishike nafasi kwa unyenyekevu. Mpaka Jumatatu jina langu litakuwa kwenye ukurasa, na fomu mpya itakuwa na sehemu ya saba ya kweli. Ukweli mtupu, kama alivyoagiza mama!

Saa tatu asubuhi nikaishambulia hatua ya tano. Nikaandika kwamba kunywa maji hakuhusiani na ufungashaji wa programu, na kwamba mwongozo wetu ni wa kiufundi, si zahanati. Hoja kali. Nikaingia kwa Mgeni Kabisa, nikajibu. Nilikusudia ajibu vibaya. Lakini nilipokaa kwenye akaunti yake nikajikuta nimetulia. Yeye hana fomu. Haogopi mtu. Akaandika kwamba mgeni akifika hatua ya tano huwa ameshakosea mara mbili na anataka kukata tamaa, na kwamba gilasi ya maji ni dakika mbili ambazo ndani yake hakuna kinachoweza kuharibika.

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Nikarudi kwangu, nikajibu kwa ukali zaidi. Yeye akajibu kwa upole zaidi. Kufikia saa sita watu kumi na mmoja walikuwa upande wake. Daktari wa Meno aliandika aya tatu kuhusu faida za maji. Nukta akasema kwa kweli tangu zamani ameona mikato yangu ina hasira. Fundi Mkuu akaniandikia faraghani, kwa upole wa kuumiza, kwamba ningejifunza mengi nikimtazama Mgeni Kabisa anavyoongea na watu.

Shangazi akapita na nguo za wateja mkononi, akasimama mlangoni. Akauliza kwa nini naandika nimenuna, kisha natabasamu, kisha nanuna tena. Nikamwambia ninabishana na mtu kuhusu ile hatua ya maji. Akauliza nani anashinda. Nikasema yeye.

"Basi huyo ana akili," akasema, akaenda zake.

Saa tisa nikamlazimisha Mgeni Kabisa kuandika barua ya kujiuzulu ili kulinda amani ya mradi. Ilikataliwa na watu thelathini na wanne. Ombi la kumzuia asiondoke lilifunguliwa na yule wa asubuhi njema. Mwishoni Mgeni Kabisa akanisamehe mbele ya watu wote. Nilimwandikia msamaha mfupi tu. Umepata mioyo mingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika kwa jina langu.

Nimeshindwa. Na mbaya zaidi, nimeshindwa kwa haki.


Jumapili, 16 Juni

Siku ya fomu. Nimeoga. Nimekaa mezani. Kalamu mpya.

Shangazi alisitisha cherehani akaja kukaa karibu nami, jambo asilolifanya hata wateja wakingoja. Akaniambia niandike nilivyo, si ninavyotaka nionekane. Akasema nguo ikiwa kubwa kuliko mwili haimfanyi mtu kuwa mnene, inamfanya ajikwae. Nilimsikiliza. Yalinigusa. Nimeapa mbele yake kwamba fomu hii haitakuwa na uongo hata wa nukta.

Sehemu ya kwanza hadi ya sita: kweli, kweli, kweli. Sehemu ya saba, dhamana nje ya ofisi: Hakuna. Niliandika neno hilo moja, na kifua kikawa chepesi. Kumbe kusema kweli ni rahisi hivi! Mtu angeniambia mapema!

Kisha nikageuza karatasi. Kwa walioongezewa majaribio kuna sehemu ya nane, ambayo kwenye fomu ya kwanza haikuwepo. Mdhamini wa tabia. Atajwe mtu mmoja, asiwe ndugu wa mwombaji, anayeweza kuthibitisha uaminifu wake, na ambaye ofisi ikimwandikia atajibu.

Nimekaa hapo saa nzima. Shangazi ni ndugu. Fundi Mkuu amenionya juzi tu, jana, samahani. Nukta atarudisha barua ya ofisi na masahihisho. Makarani wenzangu ni waoga kama mimi. Nikaona miezi yangu mitatu ikiyeyuka kwa kukosa jina moja.

Ndipo nikakumbuka kwamba yupo mtu mmoja ambaye Bi Muhuri mwenyewe anamheshimu. Mpole. Mwandishi mzuri. Hajibu barua kwa kuchelewa. Na amekwisha kunisamehe mbele ya mashahidi.

Nimejikagua mstari kwa mstari, kwa sababu ya kile kiapo. Jina la mdhamini: Mgeni Kabisa. Ndilo jina lake. Kazi yake: Mtunza Mwongozo, Mradi wa Kimataifa wa Programu Huria. Kweli tupu, na ipo kwenye ukurasa wa mbele. Je, ni ndugu wa mwombaji? Hapana. Mtu hawezi kuwa ndugu yake mwenyewe. Nimeangalia kamusi mbili.

Lilibaki swali moja: Amemfahamu mwombaji kwa muda gani? Hapa ningeweza kuandika siku tatu, nikaharibu kila kitu. Lakini mama alisema ukweli mtupu, na Shangazi alikuwa ananitazama kwa upendo.

Nikaandika, kwa wino, nakala tatu: Tangu kuzaliwa.